Mtego wa Tisa

Wageningen, Uholanzi
6 Februari 1972

Wapendwa Tata na Mama,

Kasinge Tata, kasinge Mama. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku haina adabu. Inaingia hata mtu akiwa amevaa sweta mbili na soksi za kiume.

Nina habari njema. Profesa wangu amekubali nifanye utafiti wangu juu ya fukusi wa migomba, wale weusi wanaotoboa visiki mpaka mgomba unaanguka na mkungu wake. Yeye alitaka nichunguze nzi wa kabichi, kwa sababu kabichi ziko hapa nje ya dirisha lake. Nikamwambia kwetu Buhaya hakuna aliyewahi kufa kwa kukosa kabichi, lakini mgomba ukifa, nyumba nzima inakufa. Alicheka, kisha akaniwekea sharti. Anataka hesabu za wadudu kutoka kibanja halisi cha kwetu, chenye migomba na nyumba ndani yake, mara mbili kwa wiki, kuanzia Machi hadi Novemba. Zisipomridhisha ifikapo Desemba, narudi kwenye kabichi. Na Serikali imenilipia miaka miwili tu, kwa hiyo sina mwaka wa kuanza upya.

Basi nawategemea ninyi. Tata, weka vigingi ishirini kibanjani, kila kimoja na namba yake. Kila penye kigingi, kata kipande cha gogo la mgomba urefu wa mkono, kipasue katikati, ukilaze chini karibu na shina, upande uliopasuliwa ukitazama ardhi. Fukusi wanapenda gogo lililokatwa karibuni, harufu yake inawaita. Jumatano na Jumamosi asubuhi fungueni, hesabuni, wekeni gogo jipya. Mwombe Shangazi Georgina afanye hivyo hivyo na mitego kumi kwake Kibeta, ili tuwe na kibanja cha kulinganisha.

Jambo moja muhimu. Wadudu hawa ni wanafiki. Ukimgusa anakunja miguu na kujifanya amekufa. Msimtupe. Mngoje kidogo, atatembea.

Hapa chuoni kuna mgomba mmoja. Wameufungia kwenye nyumba ya vioo yenye joto, na majani yake hayajapasuka hata moja kwa sababu hakuna upepo. Siku nikikosa mtu wa kuongea naye, na siku hizo ni nyingi, naenda kukaa nao.

Mtoto wenu,
Theopista Kokubanza

*

Muleba
12 Machi 1972

Mpendwa binti yangu Theopista,

Barua yako ilifikia kwa Padri, akaisoma bahasha mbele ya watu wote baada ya Misa, kwa hiyo sasa parokia nzima inajua una barua kutoka Uholanzi. Nakujibu kwa Kiswahili kama kawaida yangu. Miaka ishirini na sita ya ualimu imenifundisha kwamba Kihaya ni cha mdomoni na Kiswahili ni cha karatasi.

Mitego imewekwa. Ndugu Rugambwa, balozi wetu wa nyumba kumi, alikuja kuniuliza kama nimeanza kufuga wadudu wakati Chama kinahimiza kilimo cha kisasa. Nikamwambia ni amri ya binti yangu, na kama anataka kupinga aende Uholanzi. Akaenda kunywa rubisi.

Anayehesabu ni mama yako. Macho yangu yalibaki kwenye madaftari ya Darasa la Nne. Anapita na kikapu kidogo na ile kahawa yetu ya kutafuna, iliyochemshwa na kukaushwa. Kila fukusi mmoja anayetembea, punje moja inaingia kikapuni. Akimaliza mtego ananiletea, mimi nahesabu punje na kuandika. Nilimwambia anaweza kuhesabu kwa mdomo. Akasema mdomo huwa unasalimia watu njiani ukasahau, kahawa haisahau.

Jumatano iliyopita mitego yote ishirini ilitoa fukusi sitini na wanane. Jumamosi sabini na mmoja. Namba zote ziko kwenye karatasi ya pili, za Shangazi yako ziko kwenye ya tatu. Mtego wa tisa uko chini ya mgomba wako, ule ambapo mama yako alizika kitovu chako. Yeye ndiye aliyechagua uwe hapo. Anasema mgomba huo lazima uwe na adabu kwenye utafiti.

Mdogo wako Philbert ameondoka kwenda kwenye kijiji cha ujamaa kule Kimwani. Anasema ardhi ni nyingi na mbu ni wengi zaidi. Kuna msichana anaitwa Joviana anayetajwa kila mara katika barua zake, kana kwamba ni kwa bahati tu.

Mama yako anasema hivi, naandika kama alivyosema: "Mwambie ale. Mwambie asikae na mgomba wa wazungu, utamzoesha upweke. Mwambie akirudi nitampa kahawa mkononi kabla hajaweka mzigo chini."

Baba yako,
Anatory Byabato

*

Wageningen
9 Aprili 1972

Wapendwa,

Hesabu zenu zimefika na Profesa amezikagua kwa kioo cha kukuzia kama karani wa mahakama. Aliuliza ni mtaalamu gani anayehesabu. Nikaandika kwenye fomu: Klaudia, mkulima, Muleba. Aliposikia habari ya punje za kahawa alicheka, halafu akasema ni njia nzuri kuliko ya wanafunzi wake. Mwambieni Mama amepata cheo.

Pasaka niliila peke yangu. Watu wa nyumba ninayopanga walisafiri, wakaniachia ufunguo na mayai ya chokoleti. Nilikwenda kanisani, nikasali kwa Kilatini pamoja na watu ambao hawakunitazama, nikarudi nikapika wali. Tata, sikujua kwamba mtu anaweza kukaa siku nne bila kusikia jina lake likitajwa. Jumatatu jioni nililitaja mwenyewe, kwa sauti, jikoni. Msinicheke.

Mama, kwa nini Tata hajaandika chochote juu ya tumbo lako? Nilipoondoka lilikuwa linakusumbua. Nijibuni.

Wenu,
Theopista

*

Muleba
21 Mei 1972

Mpendwa binti yangu,

Hesabu za Aprili na Mei ziko ndani. Utaona hazipandi wala hazishuki, zimetulia kati ya sitini na themanini. Kibeta ni hivyo hivyo, nusu yake.

Umeuliza tumbo la mama yako. Linamsumbua kidogo. Tulikwenda hospitali ya misheni wakampa dawa. Siku nyingine anahesabu akiwa ameketi, mimi nambebea wadudu kwenye chupa. Usipoteze usingizi kwa jambo hilo.

Yeye mwenyewe anasema: "Mwambie nimesikia kuhusu cheo. Aulize kama kina mshahara."

Baba yako,
Anatory Byabato

*

Muleba
18 Juni 1972

Kwa dada yangu Georgina, Kibeta,

Natumaini ulifika salama na basi halikukusumbua. Asante kwa kukaa nasi siku zote nne. Nyumba ni kubwa sasa. Jioni nafanya kazi ya kuwasha taa mbili ili isionekane.

Nakuandikia kwa sababu tuliagana vibaya, na kwa kuwa nataka neno hili liwe kwenye karatasi. Theopista asiambiwe. Si mimi niliyeamua. Klaudia aliniita Jumamosi ile, akiwa na akili zake timamu, akasema: "Asiambiwe mpaka hesabu iishe. Akiambiwa atapanda ndege, na akipanda ndege hawatamrudisha." Unajua ni kweli. Serikali haitamlipia tiketi mara mbili, na yule mzungu wake anangoja Desemba na kabichi mkononi. Jumanne alikufa. Jumatano tukamzika pale alipotaka, kando ya mgomba wa mtoto wake.

Ulisema njia ya mwongo ni fupi. Mimi naomba tu iwe na urefu wa kufika Novemba. Usimwandikie. Nitumie hesabu zako tu, na mimi nitazipeleka.

Kuanzia wiki hii nahesabu mwenyewe. Nimevaa miwani ya marehemu baba.

Kaka yako,
Anatory

*

Muleba
25 Juni 1972

Mpendwa binti yangu,

Hesabu za Juni ziko ndani. Tarehe saba na tarehe kumi utaona nafasi tupu. Sikuhesabu. Nilikuwa siko vizuri.

Baada ya hapo namba zimepanda sana, nimezikagua mara tatu. Kibeta hakuna mabadiliko.

Mama yako anakusalimia.

Baba yako,
Anatory Byabato

*

Wageningen
16 Julai 1972

Tata mpendwa,

Kwanza nikugombeze, kisha nikubusu mikono. Nafasi mbili tupu! Tarehe saba na tarehe kumi! Profesa aliziona kabla yangu, akaweka alama nyekundu. Kama wewe ulikuwa unaumwa, kwani Mama alikuwa wapi? Mwambie mtu mwenye cheo haachi kazi bila ruhusa.

Sasa nikubusu. Tata, unajua ulichonitumia? Tarehe kumi na nne: mia nne na kumi na wawili! Miezi mitatu wamekaa chini ya themanini, mara wanaongezeka zaidi ya mara tano ndani ya siku kumi na moja, halafu wanapungua taratibu kwa siku kumi. Na si kila mahali. Nimechora ramani ya kibanja chetu, nikaweka duara kwenye kila mtego, duara kubwa kwa wadudu wengi. Duara kubwa kuliko yote ni la tisa: hamsini na wanane. La nane na la kumi yanafuata, na kadiri unavyokwenda mbali na la tisa yanapungua. Kuna kitu kilitokea pale, kwenye mgomba wangu, na fukusi wa kibanja kizima walikisikia harufu.

Si mvua, kwa sababu Kibeta wametulia. Ni jambo la nyumbani kwetu peke yetu. Kwa muda mrefu watu wamekuwa wakibishana fukusi anatembea umbali gani na nini kinamwita. Profesa alikaa na ramani yangu saa nzima bila kuvuta kiko. Akasema tukijua mlifanya nini, na mkiweza kukirudia, hiyo itakuwa tasnifu yenyewe, tena nzuri. Tusipojua, ni bahati tu, na bahati haiandikwi.

Tata, mlifanya nini pale?

Jana nilikwenda kwenye nyumba ya vioo nikauambia mgomba. Sikuwa na mtu mwingine wa kumwambia kwa furaha.

Wako,
Theopista

*

Muleba
6 Agosti 1972

Mpendwa binti yangu,

Umeuliza kama mwanasayansi, nami nitakujibu yale niliyoona.

Wiki ile tulikuwa na wageni wengi kwa siku nne. Walilala hapa. Ilikatwa mikungu ishirini na saba kuwalisha, na magogo yake yakabaki kibanjani bila kukatwakatwa. Majani pia yalikatwa mengi ya kutandika chini. Philbert alitoka Kimwani, na Joviana alikuja naye. Padri alikuwepo. Karibu na mtego wa tisa vijana walichimba shimo, na katika kuchimba walikata visiki viwili. Mgomba wako haukuguswa, nilisimama hapo mwenyewe.

Ni hayo. Hesabu za Julai ziko ndani.

Baba yako,
Anatory Byabato

*

Wageningen
27 Agosti 1972

Tata! Mama! Watu wabaya ninyi!

Nimesoma barua ya Tata nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena, nikacheka mpaka mama mwenye nyumba akagonga mlango. Wageni siku nne, mikungu ishirini na saba, Philbert kutoka Kimwani, Joviana yuko naye, na Padri! Mmemwoza Philbert bila kuniambia! Na Tata anaandika "nilikuwa siko vizuri". Bila shaka hukuwa vizuri, na rubisi yote hiyo!

Kwa hiyo shimo ni la kuivishia ndizi za rubisi. Sasa yote yanaeleweka. Mlichimba karibu na mgomba wangu kwa sababu udongo wa pale ni laini, mkakata visiki, na magogo mabichi yakalala chini kibanja kizima. Kwa fukusi hiyo nayo ilikuwa harusi. Nilimweleza Profesa maana ya shimo la ndizi na jinsi tunavyozifunika kwa majani mpaka ziive, akaandika kila neno.

Sikasiriki. Najua mlinificha ili nisilie kwa kuikosa. Nililia kidogo, kusema kweli, baada ya kucheka. Nimemnunulia Mama kitambaa cha kichwa cha hariri, rangi ya kahawa mbivu. Nimekituma leo. Ilipaswa akivae siku ile, lakini avae hata Jumapili ya kawaida, aseme ni cha mama mkwe.

Sasa kazi. Profesa anataka mambo mawili. Kwanza vipimo vya shimo: urefu, upana na kina. Ninavyoona kwa idadi ya wadudu lilikuwa kubwa mno, nani alichimba shimo kubwa namna hiyo, mlitaka kunywesha kata nzima? Pili, na hili ndilo linaloamua kila kitu: lifukueni lile lile, pale pale. Liacheni wazi wiki mbili, kateni magogo kama mlivyofanya, mhesabu. Ikitokea tena, nimepona. Fanyeni mapema Oktoba.

Na Mama aandikishe neno. Barua ya Juni alinisalimia tu kama mgeni, na hii ya sasa hata salamu hakuna.

Wenu mwenye furaha,
Theopista Kokubanza

*

Muleba
26 Septemba 1972

Kokubanza, mwanangu wa kwanza,

Ulitaka vipimo. Urefu futi sita na nusu. Upana futi mbili na nusu. Kina futi tano. Lilichimbwa na Philbert na wana wa Rugambwa.

Ni kaburi la mama yako.

Nimeacha mstari hapo ili upumue. Mimi pia nimeacha kalamu, nikaenda nje, nikarudi.

Alikufa Jumanne tarehe sita Juni, alfajiri. Ulikuwa uvimbe tumboni. Hospitali walituambia mwezi wa Aprili kwamba hawana la kufanya ila dawa ya maumivu. Wageni walikuwa waombolezaji. Majani tuliyokata ni yale waliyolalia. Tarehe saba na kumi hatukuhesabu kwa sababu jembe lilikuwa limelala kijiji kizima, na hakuna mtu angeniruhusu kupita kibanjani na chupa. Joviana alikuja kwa sababu ni msichana mwenye utu. Hakukuwa na harusi. Siku ikiwepo nitakuambia, sitakuficha tena hata ndizi iliyooza.

Yeye ndiye aliyesema usiambiwe mpaka hesabu iishe. Lakini kukubali nilikubali mimi. Nilikuandikia "Mama yako anakusalimia" wakati yuko chini ya udongo siku kumi na nane, tena kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni. Kwa Kihaya nisingeweza kukudanganya, mdomo ungekataa. Kiswahili kilinisaidia, na sasa nakichukia kidogo. Wadudu wako wanajifanya wamekufa ilhali wazima. Mimi nilifanya kinyume chake, na hakuna aliyenigusa mpaka ulipoomba nifukue.

Ningeweza kuendelea. Nilikaa na barua yako siku nne nikitafuta uongo mwingine. Ningechimba shimo mahali pengine na kukupa namba. Shangazi yako Georgina alikuja kutoka Kibeta akaisoma, akasema, "Kaka, mtoto anataka umfukue mama yake kwa sababu mlimficha." Nikachukua kalamu.

Nisamehe kama utaweza. Usiposamehe, maliza kwanza masomo, kwa sababu hilo ni la kwake si la kwangu.

Kuna kitu natuma. Jumamosi tarehe tatu Juni, siku tatu kabla, nilimletea chupa kitandani. Alitaka kuhesabu. Alichukua saa nzima, akisubiri kila mmoja atembee. Alimaliza, akasema, "Sabini na wanne," nikaandika sabini na wanne. Punje za hesabu ile sikuzirudisha kwenye chungu. Ziko ndani ya kitambaa kilichoshonwa. Sikuzihesabu tena.

Kitambaa chako cha hariri kimefika. Nimekiweka mezani, sijakifungua.

Tata

*

Muleba
12 Novemba 1972

Mpendwa binti yangu,

Wiki ya saba hii sijapata barua. Padri anapotoka Misa mimi nabaki kwenye ngazi, naye anatikisa kichwa tangu mbali ili nisipoteze hatua.

Hesabu za Oktoba na mwanzo wa Novemba ziko ndani. Sikuacha siku yoyote. Mtego wa tisa umerudi kuwa na watatu au wanne.

Senene wameanguka juzi. Watoto wa jirani wamenijazia ndoo nzima. Nilikaa nao sebuleni nikiwanyonyoa mabawa mpaka vidole vikaniuma, halafu nikakumbuka sijui kiasi cha chumvi.

Kama umekasirika, andika umekasirika. Ni afadhali kuliko ngazi za kanisa.

Tata

*

Wageningen
3 Desemba 1972

Tata,

Nilikasirika. Bado nimekasirika, na nitaendelea mpaka nitakapofika, na nikifika tutagombana vizuri, kwa Kihaya, tukiwa tumekaa. Siwezi kugombana na mtu kwa stempu.

Barua yako ilinikuta kwenye ngazi za maabara. Sikumwambia mtu. Huku hakuna wa kumwambia kwamba mama yako amekufa, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba alikuwepo. Wangesema pole, wangenipa chai, wangetazama saa. Nilikwenda kwenye nyumba ya vioo. Nilikaa huko mpaka mlinzi akaja kufunga. Kesho yake nikaenda tena, nikachukua kisu cha maabara nikakata majani mawili, nikayatandika chini, nikayakalia. Nilikaa siku nne, Tata. Sikugusa kazi. Mtunza bustani alikuja kunikaripia, akaniona uso, akaondoka. Siku ya nne aliniletea mkate.

Fikiria miezi ile yote. Nilifurahi. Nilichora duara kubwa kuliko yote na kulipaka rangi nyekundu, nikalibandika ukutani juu ya kitanda changu. Nimelala chini ya kaburi la mama yangu tangu Julai nikiliita bahati. Hilo ndilo linaloniamsha.

Kisha nilikwenda kwa Profesa nikamweleza shimo ni nini. Alivua miwani. Alisema nina haki ya kuondoa Juni yote kwenye tasnifu, na hakuna atakayeuliza. Nikafikiri. Nikasema hapana, Juni inabaki. Basi akashauri niandike "udongo ulivurugwa", ni maneno ya heshima na ya kisayansi. Nikasema hapana tena. Udongo haukuvurugwa, ulichimbwa na Philbert. Kwenye safu ya maelezo, penye tarehe saba na tarehe kumi, nimeandika: "Hakuna hesabu. Mazishi ya Klaudia, aliyeanza kazi hii." Profesa amepiga sahihi chini yake. Hakutaka tena jambo hilo lirudiwe. Alisema mara moja inatosha, na hilo sijawahi kumsikia akilisema juu ya jaribio lolote.

Kwa hiyo sirudi kwenye kabichi. Mwambie. Najua yuko wapi, mgomba wangu uko kando yake, simama hapo umwambie kwa sauti. Nitamaliza mwezi wa Septemba mwakani, na nitakuja kwa meli kutoka Mwanza. Shangazi anisubiri Bukoba, nitalala kwake Kibeta usiku mmoja nijifunze kutembea tena kwenye udongo mwekundu, halafu nije kwako.

Mtego wa tisa uondoe. Ng'oa kigingi. Kwa hesabu zijazo nimeufuta kwenye orodha, mitego imebaki kumi na tisa. Kitambaa mpe Joviana, hata kama hakuna harusi. Senene ni vijiko viwili vya chumvi kwa ndoo, na maji kidogo sana. Yeye alikuwa anaweka na kitunguu.

Barua ijayo niandikie Kihaya.

Kahawa ilifika salama, kitambaa hakikufunguliwa hata forodhani. Sikuifungua mpaka jana. Nilimwaga punje juu ya meza, nikazihesabu moja moja kama alivyokuwa anafanya. Ziko sabini na tano.

Nilihesabu tena. Nikahesabu mara ya tatu, nikaziweka kumi kumi. Sabini na tano. Fukusi walikuwa sabini na wanne, uliandika mwenyewe, na yeye hakuwahi kukosea. Sijui kama mkono wake ulikuwa umechoka siku ile. Aliniahidi kahawa mkononi kabla sijaweka mzigo chini.

Sabini na nne nimezirudisha ndani ya kitambaa. Ile moja nimeitafuna.

Mwanao,
Kokubanza